Ardhi Iliyoganda Kileleni Kilimanjaro: Namna Wataalamu Wanavyotabiri Kuyeyuka Kwake, na Kwa Nini Utabiri Huo Unamhusu Mkulima wa Gairo

Wilayani Gairo, mkoani Morogoro, hakuna kipande cha ardhi kinachoganda mwaka mzima. Baridi ya Juni na Julai, pamoja na upepo wake, huwalazimu wakazi wa mji huo ulio kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma kuvaa makoti asubuhi, lakini jembe huingia ardhini siku zote. Kwa sababu hiyo, mwananchi anaposikia katika taarifa za kimataifa kwamba ardhi iliyoganda ya nchi za kaskazini inayeyuka, ni rahisi kudhani kwamba habari hizo ni za watu wengine.

Dhana hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, Tanzania yenyewe ina ardhi ya namna hiyo. Ipo karibu na kilele cha Mlima Kilimanjaro, ni ndogo sana kwa eneo, na imekuwa ikipimwa na wanasayansi. Pili, kiasi cha hewa ukaa na methani kitakachotoka katika ardhi ya kaskazini ni sehemu ya hesabu zinazoonesha joto la dunia litafika wapi katika karne hii, na joto hilo halitambui mipaka ya wilaya wala ya bara. Swali ambalo wananchi wengi huuliza ni jingine kabisa: wataalamu wanajuaje? Na kama waliwahi kutabiri jambo likachelewa kutokea, kwa nini waaminiwe sasa?

Maswali hayo ni ya haki, na yanastahili kujibiwa kwa kueleza kazi yenyewe inavyofanyika.

Jambo lisilo na jina la kawaida

Kiswahili kina neno theluji, kina neno barafu, na kina neno sakitu kwa ule umande ulioganda ambao wakulima wa viazi na chai katika nyanda za Njombe na Makete wanaufahamu kwa hasara zake. Kwa ardhi iliyoganda bila kuyeyuka mwaka hadi mwaka, lugha haikupata sababu ya kuweka jina. Inasimuliwa kwamba mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima huo kwa mara ya kwanza, mwongoza njia wake aliuita ule weupe wa kileleni kuwa ni baridi tu. Wasomi kadhaa wa London walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na Ikweta, na ubishi huo ulidumu kwa miaka.

Katika makala haya ardhi hiyo itaitwa ardhi ya mgando wa kudumu. Maana yake ya kitaalamu ni udongo, mchanga au mwamba ambao joto lake limebaki nyuzi sifuri au chini ya hapo kwa angalau miaka miwili mfululizo. Kinachoangaliwa ni joto, si barafu. Mwamba mkavu usio na tone la maji unaweza kuhesabiwa humo, ingawa ardhi yenye barafu nyingi ndani yake ndiyo yenye madhara makubwa inapoyeyuka.

Juu ya ardhi hiyo huwa kuna tabaka jembamba, la sentimita chache hadi mita kadhaa, ambalo huyeyuka majira ya joto na kuganda tena majira ya baridi. Mimea huota humo. Chini yake mgando unaweza kwenda mbali kuliko inavyotarajiwa. Mjini Yakutsk, Siberia, mfanyabiashara mmoja aliagiza kuchimbwa kisima katika miaka ya 1820 na 1830 kwa matumaini ya kupata maji. Wachimbaji walifika kina cha mita 116 na bado walikuwa ndani ya ardhi iliyoganda. Kisima hicho kiliwanufaisha wanasayansi badala ya wenye kiu, kwani ndicho kilichowapa vipimo vya mwanzo vya joto la ardhi iliyoganda katika kina kirefu.

Kutoka Gairo hadi Kilele cha Uhuru

Hewa hupoa kwa wastani wa takriban nyuzi joto 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mji wa Gairo upo mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895. Tofauti hiyo inatosha kushusha joto kwa zaidi ya nyuzi 25. Kituo cha hali ya hewa kilichowekwa mwaka 2000 juu ya Barafu ya Kaskazini mlimani Kilimanjaro, chini ya usimamizi wa mtafiti Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, kimeonesha kwamba wastani wa joto la hewa kwa mwaka mahali hapo ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri.

Kwa wastani huo, mtu angetarajia kilele chote kiwe kimeganda kama jiwe. Sivyo ilivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ulioongozwa na Kenji Yoshikawa wa Chuo Kikuu cha Alaska akishirikiana na Hardy na wenzao, ulipima joto la ardhi katika maeneo mbalimbali ya mlima na kukuta mgando wa kudumu katika sehemu chache tu karibu na kilele, tena joto lake likiwa karibu sana na nyuzi sifuri.

Sababu zipo kadhaa. Mchanga wa volkano ni mweusi na mkavu, hivyo hunywa jua la tropiki kwa wingi mchana, hata hewa inapokuwa ya baridi. Usiku ardhi hiyo hiyo huganda, kisha asubuhi huyeyuka tena. Katika nchi za kaskazini mzunguko wa kuganda na kuyeyuka huchukua mwaka mmoja, ilhali Kilimanjaro huweza kukamilika ndani ya saa 24. Aidha, mlima huo ni volkano ambayo bado ina joto ndani yake, na katika kreta ya Reusch bado hutoka mvuke na gesi. Mgando unaobaki hubaki pale penye unyevu na udongo laini.

Hivyo mtabiri akikaa mezani na kipimo cha joto la hewa pekee, atakosea tangu mwanzo. Joto la hewa ni nyuzi 7 chini ya sifuri, joto la ardhi ni karibu sifuri kamili, na tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo inayoamua kama mgando upo au haupo.

Ardhi ina kumbukumbu

Kazi ya utabiri huanza kwa kutoboa shimo jembamba ardhini na kushusha humo waya wenye vipimajoto katika vina tofauti. Vipimajoto hivyo huachwa miaka mingi vikirekodi joto kila saa au kila siku. Mtandao wa kimataifa wa mashimo ya aina hiyo umeonesha kwamba kati ya mwaka 2007 na 2016, joto la ardhi ya mgando wa kudumu duniani lilipanda kwa wastani wa takriban nyuzi 0.3.

Kina ndicho kinachotoa siri. Mkulima anayechimba shimo shambani mchana wa jua kali huona udongo wa juu ukiunguza nyayo, ilhali kiasi cha urefu wa mkono chini yake udongo ni wa baridi. Joto la mchana mmoja halifiki mbali kabla usiku haujalirudisha. Joto la msimu hufika chini zaidi, na kwa kawaida tofauti za majira hupotea katika kina cha mita 10 hadi 20 hivi. Chini ya hapo, ardhi haijui kama leo ni Januari au Julai. Inachokijua ni mabadiliko ya miaka na miongo. Kwa hiyo kipimajoto kilichowekwa chini kinapopanda hata kwa sehemu ya kumi ya nyuzi, mtaalamu hupata taarifa ambayo kituo cha hewa hakiwezi kumpa kwa uhakika ule ule: joto limekuwa likiingia kwa muda mrefu na halikutoka.

Lipo jambo jingine ambalo huwapotosha hata watu makini. Barafu inapoyeyuka hunywa joto jingi bila yenyewe kupanda joto. Joto linalotosha kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuchukua kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi takriban nyuzi 80, yaani maji ya kukaribia chai. Maana yake ni kwamba ardhi yenye barafu ikishafika nyuzi sifuri, kipimajoto husimama. Kinaweza kusimama miaka. Asiyejua hesabu hiyo ataangalia takwimu na kusema hakuna kinachobadilika, kumbe huo ndio wakati barafu inapomalizika. Barafu ikiisha, joto huanza kupanda tena, na hapo tayari mgando haupo.

Hali hiyo ndiyo inayoifanya ardhi ya Kilimanjaro kuwa ya kuangaliwa kwa makini. Mgando wenye joto la nyuzi 5 chini ya sifuri una akiba. Mgando ulio karibu kabisa na sifuri hauna, na utulivu wa kipimajoto chake si dalili ya usalama.

Mfano upo kwenye mlima mwingine wa tropiki wenye asili ya volkano, Mauna Kea huko Hawaii. Mgando wa kudumu uligunduliwa kileleni mwake mwaka 1969. Wanasayansi waliporudi kuupima miongo kadhaa baadaye, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, walikuta kwamba umepungua kwa kiasi kikubwa.

Modeli, theluji na dhana za baadaye

Vipimo husema yaliyopita na yaliyopo. Ili kusema yajayo, wataalamu hutumia modeli za kompyuta, yaani mifumo ya milinganyo inayofuatilia joto linavyoingia na kutoka ardhini tabaka kwa tabaka. Modeli hulishwa joto la hewa linalotarajiwa, aina ya udongo, kiasi cha barafu kilichomo, mimea iliyopo juu na kina cha theluji.

Theluji hustahili kutajwa peke yake kwa kuwa hufanya kazi kinyume cha matarajio. Theluji nene ni kama blanketi. Huizuia ardhi isipoteze joto wakati wa baridi, hivyo nchi yenye theluji nyingi zaidi inaweza kuwa na ardhi yenye joto zaidi. Modeli inayokosea kina cha theluji hukosea kila kitu kinachofuata, na hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya modeli mbili zenye nia njema zitoe majibu tofauti.

Kisha huja swali lisilo la fizikia hata kidogo: binadamu watachoma mafuta na makaa ya mawe kiasi gani? Hakuna modeli inayoweza kulijibu. Kwa hiyo wataalamu huweka dhana kadhaa, moja ya dunia inayopunguza gesijoto haraka, nyingine ya dunia inayoendelea kama zamani, na nyingine za katikati, kisha huendesha hesabu kwa kila dhana. Ripoti maalumu ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) ya mwaka 2019 ilieleza kwamba ifikapo mwaka 2100, eneo la mgando wa kudumu ulio karibu na uso wa ardhi litapungua kwa takriban asilimia 24 iwapo gesijoto zitapunguzwa kwa nguvu, na kwa takriban asilimia 69 iwapo zitaongezeka sana. Kila namba kati ya hizo ina ukingo mpana wa kutokuwa na uhakika, wa asilimia 16 juu na chini kwa ya kwanza, na 20 kwa ya pili.

Msomaji anayeona asilimia 24 katika gazeti moja na 69 katika jingine anaweza kudhani wataalamu wanapingana. Hawapingani. Wanajibu maswali mawili tofauti.

Tarehe iliyopita bila barafu kuisha

Hakuna mahali ambapo utabiri wa aina hii umewahi kujaribiwa hadharani kama Kilimanjaro. Mwaka 2000, timu iliyoongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilichimba mihimili sita ya barafu mlimani humo na kukadiria kwamba sehemu ya chini kabisa ya barafu ina umri wa takriban miaka 11,700. Katika makala yao ya mwaka 2002, watafiti hao walisema kwamba iwapo mwenendo uliokuwepo ungeendelea, barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020.

Mwaka 2020 ulifika na kupita, na barafu ilikuwepo. Watalii waliendelea kupiga picha mbele yake. Waliotaka kukejeli walipata nafasi.

Ni vyema kutazama kilichotabiriwa kwa makini kabla ya kukejeli. Ramani ya mwaka 1912 ilionesha barafu yenye eneo la takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imebaki takriban kilomita za mraba 1.85, yaani asilimia 85 ilikuwa imepotea. Makadirio ya mwaka 2002 yalichukua mwendo huo wa kupungua kwa eneo, uliokuwa umenyooka kwa namna ya kushangaza, na kuuendeleza mbele. Hayakuwa na uwezo wa kuona kwamba barafu iliyobaki ilikuwa nene na yenye kuta wima, na kwamba kuta hizo hurudi nyuma kwa mwendo wake wenyewe. Aidha, watafiti wengine, akiwemo Georg Kaser na wenzake, wameonesha kwamba sehemu kubwa ya kupungua kwa barafu hiyo ilitokana na hewa ya Afrika Mashariki kuwa kavu zaidi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Theluji ilipungua, jua likapata nafasi, na barafu ikawa inageuka mvuke bila hata kupitia hali ya maji.

Kwa maneno mengine, mwelekeo ulikuwa sahihi na tarehe haikuwa sahihi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipima barafu upya, ukakuta kilomita za mraba 1.76 kwa mwaka 2011, na kuhitimisha kwamba sehemu kubwa itakuwa imekwisha ifikapo mwaka 2040 na kwamba ni vigumu kuwepo barafu yoyote baada ya mwaka 2060. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu Afrika, lilionya kwamba barafu zote za Afrika Mashariki, zikiwemo za Mlima Kenya na Rwenzori, zinaweza kutoweka ifikapo miaka ya 2040.

Tarehe zimesogea kwa sababu vipimo vimeongezeka na njia zimeboreshwa. Ikumbukwe pia kwamba sentensi ya mwaka 2002 ilianza na neno “iwapo”, neno ambalo vichwa vya habari vya wakati ule havikulipa nafasi.

Yaliyomo ndani ya mgando wa kaskazini

Mgando wa Kilimanjaro ni mdogo mno kuathiri tabianchi ya dunia. Wa kaskazini ni suala jingine. Kwa maelfu ya miaka, mabaki ya mimea na wanyama wa Siberia, Alaska na Kanada yamekuwa yakizikwa katika ardhi ya baridi bila kuoza vizuri. IPCC inakadiria kwamba ardhi hiyo imehifadhi kati ya tani bilioni 1,460 na 1,600 za kaboni, karibu mara mbili ya kaboni iliyomo katika anga yote. Udongo unapoyeyuka, vijidudu huamka na kuanza kula akiba hiyo, na kutoa hewa ukaa palipo pakavu na methani palipojaa maji.

Kiasi gani kitatoka? Ripoti ya IPCC ya mwaka 2021 ilitoa makadirio ya takriban tani bilioni 18 za kaboni, kwa njia ya hewa ukaa, kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto la dunia ifikapo mwaka 2100. Ukingo wa makadirio hayo ni kati ya tani bilioni 3 na 41. Ukingo huo ni mpana mno, na wataalamu hawakuuficha. Sehemu ya upana wake inatokana na kuporomoka kwa ghafla: mahali penye barafu nyingi ardhini, udongo haushuki polepole bali hutitia, dimbwi hutokea, na dimbwi lenyewe huyeyusha ardhi ya chini haraka zaidi. Modeli nyingi za dunia bado hazijaweza kuhesabu vyema matukio ya namna hiyo.

Kwa wanaoishi juu ya ardhi hiyo, madhara yameshaonekana. Mei 2020, karibu na mji wa Norilsk nchini Urusi, tangi la mafuta lilipasuka na takriban tani 20,000 za dizeli kumwagika, na kuyeyuka kwa ardhi chini ya nguzo zake kulitajwa miongoni mwa sababu. Watafiti wamekadiria kwamba takriban asilimia 70 ya miundombinu iliyojengwa juu ya mgando wa kaskazini ipo katika maeneo ambayo ardhi inaweza kuyeyuka ifikapo katikati ya karne hii. Katika milima ya baridi, barafu ndani ya udongo na nyufa za miamba hufanya kazi ya saruji, na ikiyeyuka mteremko hulegea. Tanzania haina miteremko mingi ya aina hiyo, lakini inajua uzito wa mteremko uliolegezwa na maji. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 katika mji wa Katesh, wilayani Hanang, yaliyoua watu zaidi ya 80, hayakuhusiana na mgando wowote, bali yalionesha udongo uliojaa maji unavyoweza kushuka kwa dakika chache.

Gairo inahusika wapi

Njia ya kwanza ni ya hesabu za dunia. Kiasi cha hewa ukaa ambacho nchi zote kwa pamoja zinaweza kutoa bila kuvuka nyuzi 1.5 za ongezeko la joto kilikadiriwa na IPCC kuwa tani bilioni 500 kuanzia mwaka 2020, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, na makadirio hayo yamezingatia gesi itakayotoka katika mgando. Kila tani itakayotoka kaskazini bila mtu kuiamuru inapunguza nafasi iliyobaki kwa wote, zikiwemo nchi zilizochangia kidogo sana kama Tanzania, ambayo iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018. Ndiyo maana wataalamu wa Afrika nao wamo katika meza ya hesabu hizo. Julai 2023, katika mkutano wa IPCC uliofanyika Nairobi, Dkt. Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo hilo.

Kuhusu maji ya mito, upo upotoshaji wa mara kwa mara unaopaswa kusahihishwa. Kuyeyuka kwa barafu na mgando wa Kilimanjaro hakutakausha mito ya nchi. Tafiti za mlima huo zimeonesha kwamba maji mengi hutoka katika ukanda wa msitu, unaopokea mvua na kunasa ukungu, na kwamba moto na ukataji wa msitu wa juu vimeathiri maji kuliko kupungua kwa barafu. Vivyo hivyo, milima ya Ukaguru inayoitazama Gairo na ile ya Uluguru inayolisha Mto Ruvu haina barafu hata kidogo, na bado ni vyanzo vya maji. Anayekata msitu wa mawingu Ukaguru hawezi kuilaumu Siberia kwa kijito kilichokauka.

Njia inayomgusa mkulima moja kwa moja ni namna ya kusoma utabiri. Mkoa wa Morogoro una tabia ya kugawanyika katika taarifa za TMA. Kaskazini mwa mkoa huwekwa katika maeneo yanayopata mvua za vuli na masika, na kusini mwa mkoa huwekwa katika maeneo ya mvua za msimu zinazoanza Novemba hadi Aprili. Gairo ipo ukingoni, ikipakana na Dodoma ambayo ni ya mvua za msimu, hivyo mkulima wa mahindi au alizeti wilayani humo hufanya vyema kusikiliza taarifa zote mbili na kumuuliza ofisa ugani ni ipi inayolihusu shamba lake.

Taarifa hizo hutumia maneno yenye maana maalumu. Mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Zikizidi asilimia 125 huitwa za juu ya wastani, na zikiwa chini ya asilimia 75 huitwa za chini ya wastani. TMA inaposema mvua za wastani hadi chini ya wastani zinatarajiwa, inaeleza upande wenye uwezekano mkubwa, kama vile modeli za mgando zinavyoeleza ukingo badala ya namba moja. Haisemi kwamba wiki fulani haitanyesha, wala haisemi kwamba kijiji kimoja hakitapata mafuriko. Mwaka ambao mvua imeenda kinyume na upande uliotajwa hautoshi kuuita utabiri uongo, kama vile barafu ya mwaka 2020 isivyotosha kusema Kilimanjaro haipotezi barafu. Kinachotosha ni rekodi ya misimu mingi, utabiri ukilinganishwa na kilichonyesha.

Kuna tofauti moja ya kimsingi, nayo huchanganywa mara nyingi. Utabiri wa msimu huanzia katika hali iliyopo sasa ya bahari na anga, na baada ya miezi michache hupata jibu. Makadirio ya mwaka 2100 hutegemea uamuzi ambao bado haujafanywa na binadamu, na mengi ya majibu yake yatawakuta wajukuu. La kwanza humsaidia mtu kuchagua mbegu ya muda mfupi au mrefu. La pili huisaidia Serikali kupanga upana wa daraja, kimo cha tuta na eneo la kutoruhusu makazi, kwa vitu vinavyotarajiwa kudumu miaka 50 na zaidi.

Utabiri wa mvua za vuli na wa mvua za msimu hutolewa na TMA kabla ya kuanza kwa mvua hizo, na ule wa masika hutolewa kabla ya Machi. Kati ya hapo hutolewa taarifa za kila siku, za siku 10 na za kila mwezi, ambazo hurekebisha picha ya mwanzo kadiri vipimo vipya vinavyopatikana. Wananchi wanashauriwa kufuatilia taarifa hizo za marejeo kupitia redio, televisheni, mitandao rasmi ya Mamlaka na ofisi za kilimo za kata, badala ya kutegemea tangazo la kwanza la msimu pekee.